Vijana, someni SQL kabla ya migrate

Wadogo zangu mnaoanza Django (zana ya Python ya kujengea mifumo ya wavuti) hapa Tabora, modeli (maelezo ya majedwali ya data) mnaandika vizuri. Kinachonitia wasiwasi ni kosa moja ambalo kila kundi jipya linakuja nalo: kuendesha migrate, amri inayotekeleza mabadiliko kwenye hifadhidata, bila kusoma SQL, yaani maagizo yatakayotumwa huko. Na sasa limeingia kwenye mfumo wa kupokea asali ya wafugaji nyuki.

1. Kubadili jina la uga (safu moja ya jedwali). Modeli ina kilo, IntegerField, yaani namba nzima tu. Mfugaji analeta ndoo ya kilo 28 na nusu, namba haiingii. Kijana anafuta kilo, anaandika uzito = DecimalField(max_digits=7, decimal_places=2), anaendesha makemigrations, amri inayoandika faili la mabadiliko (migresheni). Hapo kabadili jina na aina kwa mkupuo mmoja. Django hutambua kwamba uga umebadilishwa jina pale tu sifa zake nyingine zinapobaki vilevile. Zikitofautiana, haikuulizi kuhusu jina. Inaona uga mmoja umefutwa na mwingine umeongezwa. Inadai thamani ya kujazia rekodi za zamani, kijana anaandika 0, na migrate inapita bila kosa hata moja. Kwenye laptop yenye rekodi tatu za majaribio nani atashtuka? Kwenye seva, kilo zote za msimu zimefutika, na kila mfugaji anasomeka ameleta sifuri. Hayo ni malipo ya watu.

Fanyeni mara mbili. Kwanza badili jina peke yake, makemigrations, ikiuliza kama kilo sasa ni uzito jibu y. Ukibonyeza Enter tu umesema hapana. Kisha badili aina, makemigrations tena. Kabla ya migrate, endesha python manage.py sqlmigrate asali 0004 (jina la app na namba ya faili; inaonyesha SQL bila kuitekeleza) na usome mstari kwa mstari. Unatafuta RENAME COLUMN (badili jina la safu); kwenye MySQL itaandikwa CHANGE. Ukiona DROP COLUMN (futa safu) ambayo hukuikusudia, futa faili hilo uanze upya.

2. Uga mpya wa lazima: weka null=True (uruhusiwe kuwa mtupu), jaza rekodi za zamani kwa RunPython (kuendesha kodi yako ndani ya migresheni) ukiipata modeli kwa apps.get_model, kisha ondoa null. Migresheni tatu.

3. Msifute faili za migrations ambazo migrate imeshazitekeleza, eti "kusafisha". Jedwali la django_migrations linakumbuka majina. Likiona 0001_initial imo tayari, migrate haitafanya kitu, na safu yako mpya haitakuwepo. Ziingizeni Git (kumbukumbu ya pamoja ya kodi) zote. Wawili mkiandika 0005 tofauti, ipo makemigrations --merge ya kuziunganisha, ila zungumzeni kwanza: haiwezi kuamua nani kati yenu yuko sahihi.

4. Umeme. Kama seva ni kompyuta ya ofisini na mnatumia MySQL, umeme ukikatika katikati ya migresheni ya hatua tano, mbili zinabaki zimefanyika na Django haina habari. Ukirudia, inagoma kwa sababu safu ipo tayari. PostgreSQL hufunga migresheni nzima kwenye muamala mmoja (yote yafanyike au lisifanyike lolote), kwa hiyo mradi mpya uanze nayo. Wa MySQL, hatua moja kwa faili. Na mysqldump (amri ya kunakili hifadhidata) kwanza, nakala ikae mashine nyingine, mkiwa mmeshajaribu kuirejesha.