Grafiki kadi ya Dell nyembamba kwa laki tatu: soma pawa saplai kwanza, jina la kadi litafuata

Mkuu nimelisoma swali lako vizuri. Una Dell OptiPlex 9020 ile nyembamba (SFF), i5-4590, ram 8GB, mfukoni una laki tatu, unataka ucheze FC 24 (ile ya mpira) na GTA V, na muuzaji kakuwekea mezani kadi mbili, RX 580 ya 8GB na GTX 1050 Ti ya 4GB, unauliza ubebe ipi. Wadau wengi hapo juu wamekwambia 580 na kwa nguvu tupu wako sahihi, 580 inaiacha 1050 Ti mbali sana. Ila kwa mashine yako hiyo 580 usiiguse kabisa. Hizi Dell na HP za ofisi nawafungia vijana wa gemu hapa Dar muda mrefu sasa, na hela nyingi ninazoona zinapotea zinapotea hapohapo, mtu anaanza na jina la kadi alilosikia Youtube, ananunua, ndo anarudi nyumbani kufungua kesi, yaani boksi la kompyuta.

Wewe anza upande wa pili. Fungua mfuniko, tafuta ile lebo ya pawa saplai (kile kiboksi kinacholisha mashine umeme) uisome. 9020 SFF inakuja na 255W. Prosesa yako peke yake Intel wameiandikia 84W, RX 580 AMD wameiandikia 185W, jumlisha hizo mbili tu inakuja 269W, hapo bado hujagusa hard disk, ram, feni na vitu unavyochomeka USB. Ina maana utawasha, Windows itafunguka safi kabisa, utaingia kwenye gemu, kadi ikianza kufanya kazi ya kweli mashine inazima pwaa. Kuna kijana wa Tabata aliniletea mashine ya hivyo, alikuwa anaamini ni virusi maana kwenye desktop ilikuwa inakaa siku nzima bila shida, inazima mpira ukianza tu.

Halafu hiyo 580 inataka waya wake wa umeme wa pin 8 na pawa saplai yako haina huo waya. Fundi anaweza kukwambia nitakuwekea adapta ya kutoka waya wa SATA kwenda pin 8. Kataa. Plagi ya SATA imetengenezwa kulisha hard disk, pin 8 inaruhusiwa kubeba mpaka 150W, ile plastiki inapata moto mpaka inayeyuka na ikiyeyuka haijali kama umelala au uko macho. Hapo sijataja kimo cha kadi, maana kwenye hiyo kesi 580 haiingii hata ukisukuma.

Sasa unabaki na nini. Sloti ya grafiki kwenye madabodi inatoa mpaka 75W yenyewe bila waya wa ziada. Kwa hiyo kadi yako lazima itimize mambo matatu kwa pamoja, iwe 75W kushuka chini, isiwe na tundu la waya wa umeme, na iwe ya kimo kifupi ile wauzaji wanaita lo profaili, yenye bati fupi la nyuma. Hilo la bati watu wanalisahau sana. Hata hiyo 1050 Ti ya muuzaji wako ipime, maana nyingi zilizoko sokoni ni za kimo kirefu, nazo kwako hazifungi japo umeme zinakula 75W tu. Na angalia unene pia, sloti kubwa kwenye hizi nyembamba inaweza kuwa imebanana na pawa saplai na kadi nene yenye feni mbili ikagoma kukaa, nenda na rula kabisa au beba kesi yenyewe dukani, siyo aibu.

Mimi ningekuwa wewe ningetafuta GTX 1650 lo profaili. Zilitengenezwa na MSI, Gigabyte, Zotac na wengine. Ni kadi ya 2019, ina 4GB, 75W, na kuna nyingi hazina tundu la waya, ila siyo zote kwa hiyo igeuze uiangalie ubavuni kabla hujauliza bei. Ukikuta zipo mbili chagua yenye memori ya GDDR6, ile ya GDDR5 inapitisha 128GB kwa sekunde na hii inapitisha 192GB, kwenye baadhi ya gemu tofauti unaiona kwa macho. Kwa nini nisikwambie 1050 Ti iliyo fupi wakati ni rahisi zaidi? Kwa sababu ya draiva, ile programu inayoiwezesha Windows kuitumia kadi. Nvidia walitangaza 2025 kwamba kadi za familia ya Maxwell na Pascal, yaani GTX 900 na GTX 1000 zote pamoja na hiyo 1050 Ti, Oktoba 2025 ndo mwisho wa draiva mpya za gemu, baada ya hapo ni za usalama tu mpaka Oktoba 2028. 1650 ni ya familia nyingine, Turing, yenyewe haimo kwenye hilo tangazo. Mtu anayenunua kwa kujibana anataka kadi akae nayo, siyo mwakani gemu mpya inamwambia draiva yako imezeeka. 1050 Ti ichukue kama umeipata kwa bei ya kutupa kweli na unacheza gemu za zamani tu.

Kama 1650 fupi imekukwepa, na inaweza kukukwepa maana inatafutwa na kila mwenye mashine nyembamba, kuna njia ambayo watu wengi hawaiwazi, kadi za Nvidia za zile kompyuta za wahandisi, Quadro na warithi wake wasiobeba tena hilo jina kama T1000. Hizi zinaingia nchini ndani ya Dell Precision na HP Z za mtumba, wauzaji wengine wanazichomoa wanaziuza pembeni na mtu wa gemu hazitazami kwa sababu jina halimwambii kitu. T1000 ina kore (vile vichakato vidogo ndani ya chipu) 896 sawasawa na 1650, inakula 50W tu, ni nyembamba ya sloti moja, kimo kifupi, yaani kama waliitengeneza kwa ajili ya Dell yako. P1000 iko chini yake, kore 640 na 4GB, 47W, hii ni Pascal kwa hiyo umri wake unafanana na 1050 Ti, ila GTA V inaisukuma vizuri tu. Nimefunga P1000 kwenye mashine kama yako na mwenyewe bado anacheza nayo, joto linakaa chini na kelele hamna.

Ila sikiliza hapa kabla hujalipia hizi kadi za wahandisi. Matundu yake ya picha ni mini DisplayPort, na monita nyingi za mtumba tunazotumia zina matundu ya zamani, VGA na labda DVI. Utahitaji adapta, na siyo kila adapta, Nvidia kuanzia GTX 1000 waliondoa kabisa mawimbi ya analogi kwa hiyo kale kageuzi ka bei ndogo kanakobadilisha umbo la plagi tu hakatoi picha, unataka adapta yenye chipu ndani inayogeuza dijitali kwenda VGA. Iweke kwenye bajeti kabisa. Hata 1650 ina HDMI na DisplayPort, VGA haina.

Na hapohapo kwenye VGA ndo napatumia kuwakamata wenye kadi feki. Kuna kadi zimejaa zimeandikwa GTX 1050 Ti 4GB, boksi zuri, stika inang'aa, zina mdomo wa VGA nyuma. Ukiona huo mdomo simama. Nyingi ndani yake ni chipu za GTS 450 au GTX 550 Ti za 2010 na 2011, wamebadilisha bios yake (programu ndogo iliyo ndani ya kadi) idanganye jina, Windows inasoma 1050 Ti bila wasiwasi na mwenye duka naye unakuta kauziwa hivyohivyo. Natembea na flash yenye GPU-Z, programu ya bure ya kusoma kadi, haihitaji hata kuinstoli. Kuna siku Kariakoo nilimsindikiza mtoto wa dada yangu, kadi ikachomekwa kwenye mashine ya dukani, jina likasoma 1050 Ti, memori 4GB, nikashuka kwenye mstari wa shaders (ndo hizo kore), 192. 1050 Ti halisi ni 768. Na pale juu GPU-Z yenyewe ilishaandika FAKE mbele ya jina. Nikamgeuzia muuzaji kioo asome mwenyewe, tukarudisha kwenye boksi tukaondoka kwa amani. Kwa hiyo kariri namba hizi tu, 1050 Ti 768, 1650 ni 896, T1000 ni 896, P1000 ni 640. Na kwa wenye mashine kubwa wanaosoma hapa, RX 580 kamili ni 2304, ukikuta 2048 hiyo ni ile ya soko la China ambayo kiuhalisia ni RX 570, siyo feki lakini usilipie bei ya 580.

Jina likishakubali iwashie kazi. Omba FurMark, programu ya kuichosha kadi, dakika kumi na tano, muuzaji anayekataa kukupa dakika kumi na tano kwa kadi ya mtumba muachie kadi yake. Angalia joto linapanda linatulia wapi, likipita nyuzi 85 na bado linapanda basi pesti ya kupozea chipu imekauka au feni imechoka. Tazama kioo kama kuna vidoti vya rangi, mistari, au picha inakatika inarudi, hizo ni memori zinakufa na hakuna fundi atakutibia kwa bei ya maana. Sikiliza feni. Inuse kadi, nipo siriasi, kadi iliyoungua ina harufu yake.

Za kuepuka kwa mashine yako nitazitaja haraka. GT 710 na GT 730 ni za kutoa picha tu, siyo za gemu hata aweke stika ya 4GB. GT 1030 ina aina mbili na jina moja, ya GDDR5 inavumilika, ya DDR4 ni mzigo. RX 6400 watu wataisifia kwa sababu ni mpya ya 2022, fupi, inakula 53W, kweli inavutia, lakini inatumia njia nne tu za PCIe (ndo hiyo sloti ya grafiki) na imepangwa kwa PCIe 4.0, wewe bodi yako ni 3.0 kwa hiyo memori ya 4GB ikijaa inaanza kukwamakwama, na haina kifaa cha kurekodi video ndani yake, kama una ndoto ya kurusha gemu zako mtandaoni hiyo siyo yako.

Roho ikikataa kabisa unataka nguvu ya 580 kwenda juu, basi tatizo lako siyo kadi, ni kesi. Uza hiyo nyembamba uongeze uchukue ile ya mnara (MT). Hata hiyo 9020 MT pawa saplai yake ni 290W, utabadilisha uweke ya ATX (saizi ya kawaida ya kompyuta za mnara) ya kampuni inayoeleweka, na kwa sababu bodi ya 9020 inatumia plagi ya pin 8 badala ya 24 utanunua na waya wa kugeuza. Ukishafika huko kote mimi nisingechukua tena 580, zilifanya sana kazi ya kuchimba Ethereum, ile sarafu ya mtandaoni, mpaka Septemba 2022 ilipobadilishwa mfumo zikamwagwa sokoni, ningejichanga mpaka RX 6600, ina 8GB, inakula 132W na inaikimbia 580 kwa mbali. Lakini hiyo ni hela nyingine kabisa, laki tatu haifiki huko.

Kuhusu gemu zako usiwe na hofu. FC 24 EA wenyewe wameandika kima cha chini ni 1050 Ti au RX 570, kwa hiyo 1650 au T1000 uko juu ya mstari, prosesa yako ndo iko chini kidogo ya walichoandika (i5-6600K) kwa hiyo punguza mashabiki na nyasi, itacheza. GTA V chukua ile Legacy, toleo la zamani, siyo Enhanced ya 2025, Legacy walipendekeza GTX 660 na i5-3470, wewe umepita pote. Na kama monita yako ni zile za ofisi za 1600x900 ndo raha zaidi, kadi inachora doti chache, ukiunganisha na TV ya 1080p utashusha setingi hatua moja.

Cha mwisho cha kuangalia leo usiku kabla hata ya kwenda dukani, hiyo ram 8GB ni kijiti kimoja au viwili? Kama ni kimoja usimalize laki tatu yote kwenye kadi, bakisha ya kuongeza kijiti kingine cha DDR3 cha 8GB, kwenye i5 za kizazi cha nne kama yako inasaidia sana ule mkwamo wa ghafla ukiwa unakimbiza gari mjini. Piga picha ya ndani ya kesi, ionekane sloti na lebo ya pawa saplai, iweke hapa nikuambie unene wa kadi inayoingia.