Jibu: Waya za mashine ya boti zinaota kijani, nifunge na nini?
Salaam mkuu. Umebadilisha waya zote, lakini vichwa vimeota kijani na stata (mota ya kuwashia mashine) inagoma. Anza na waya wa hasi, pale unapofungwa kwenye bloku (mwili wa injini). Mara nyingi ugonjwa uko hapo.

Tafuta lagi (vichwa vya waya) za shaba zilizopakwa bati, zenye tundu la duara. Zile za uma huchomoka nati ikilegea kidogo tu. Minya lagi kwenye waya kwa koleo lake, kisha vika mpira wenye gundi ndani, uupashe moto. Kulehemu kwa risasi peke yake sikushauri: mashine ikitetemeka, waya hukatika pale risasi inapoishia.

Bolti za stenlesi 316 (chuma kisichoshika kutu kirahisi) sawa, ila washa yake (kile kisahani chenye tundu) isikae kati ya lagi na nguzo ya betri. Stenlesi hupitisha umeme vibaya. Unene wa waya hukutaja, kwa hiyo saizi ya lagi siwezi kukuambia.