Aliyetua wa kwanza hakushinda. Alionewa?

SWALI: Naendesha matatu hapa Iten, na msimu wa kiangazi hukodiwa kuzoa marubani wa paraglaida, yale mabawa ya kitambaa, kule chini bonde la Kerio. Siku ya mashindano niliona mambo mawili yakanichanganya. Walizunguka juu ya ukingo karibu saa nzima bila kwenda popote, na anga lilikuwa safi. Halafu yule niliyempokea wa kwanza golini, yaani mwisho wa njia yao, jioni nikasikia kashindwa na mtu aliyetua dakika nane nyuma yake. Alionewa? – Dereva, Iten

JIBU: Hakuonewa, ndugu yangu. Wewe ulitazama nani katangulia kufika. Waliopiga hesabu walitazama nani katumia muda mfupi.

Asubuhi, kabla hawajaruka, marubani hupewa njia ya siku. Njia hiyo ni maduara yaliyochorwa kwenye ramani, mengine ya nusu kipenyo cha mita 400, mengine hata kilomita kadhaa. Hayaonekani angani, yamo ndani ya kifaa cha GPS alichofunga rubani mbele yake, na lazima ayaguse yote kwa mpangilio. Duara la kwanza ndilo la kuanzia, nalo lina geti la saa, yaani saa iliyopangwa ambayo rubani huruhusiwa kulivuka na muda wake huanza kuhesabiwa. Siku nyingine geti ni moja kwa wote. Siku nyingine ni kadhaa, tuseme kila baada ya dakika 15, na nadhani siku yako ilikuwa hivyo. Chukua mfano: wako katoka na geti la saa 6:30 mchana, kamaliza saa 8:48. Huyo ni saa 2 na dakika 18. Mwenzake kangoja geti la saa 6:45, kamaliza saa 8:56. Saa 2 na dakika 11. Kachelewa kutua, kashinda.

Sasa kule kuzunguka. Paraglaida haina injini. Watu wengi bondeni huiita parashuti, lakini parashuti hushuka tu, na ile ya kweli imekunjwa ndani ya kiti, ya dharura. Hili bawa la kitambaa hupanda kwa hewa moto. Ukingo wa Elgeyo unatazama mashariki, kwa hiyo jua hupasha miamba yake tangu asubuhi, na hewa iliyopata moto huinuka. Rubani akiingia humo, kifaa chake huanza kulia pip-pip-pip, na kadiri anavyopanda kwa kasi ndivyo milio inavyokimbizana. Hapo hugeuza na kuzunguka ili asitoke. Bawa zuri la mashindano, hewa ikiwa imetulia, huenda kilomita 10 hivi kwa kila kilomita moja linayoshuka. Mita 300 pungufu wakati geti linafunguka ni kilomita 3 umezipoteza kabla hujaanza. Ndiyo maana wote hubanana chini ya wingu, ndani ya duara, macho kwenye saa. Ukiwa humo unasikia kitambaa cha jirani kikipasua upepo, na wote mnazunguka upande mmoja, ule wa aliyetangulia kuingia.

Utaniuliza, basi kwa nini asingoje kila mtu? Anayetoka nyuma ana faida kubwa: walio mbele wakipanda ghafla, anajua hewa iko wapi, wakizama, anakwepa. Kwa hiyo hesabu ya pointi humwekea fungu aliyeongoza njia. Tena mchana wa Kerio mawingu yanaweza kukua yakawa mvua ya radi. Anayengoja sana anaweza kukutwa nayo bado yuko njiani.

Upande wa pili wa geti nao una adhabu. Mimi mwenyewe, miaka yangu ya mwanzo, upepo ulinisukuma nikavuka duara la kuanzia sekunde nne kabla ya saa. Ningerudi ndani nikavuka tena, ningepoteza dakika mbili tu. Sikuangalia. Nikaruka saa tatu nzima, nikatua golini nikipiga kelele za furaha, na jioni nikakuta nimehesabiwa umbali wa kutoka nilikorukia hadi kwenye lile duara, basi. Nusura nilie mbele ya watu.

Kwa kazi yako, omba picha ya njia ya siku asubuhi, utajua pa kuegesha. Rubani akitua, jambo la kwanza ni kutoa taarifa kuwa yuko salama, la sivyo wataanza kumtafuta. Akikuomba simu kabla ya maji, mpe. Na ujue hili: aliyetua salama hukusanya bawa lake upesi. Ukiona limetandazwa wazi chini na halikunjwi, usingoje kupigiwa. Washa gari uende.