Maswali na Majibu: Tanuri la Vyungu Nyumbani

Swali: Huku kwetu Kaole mawe ya matumbawe yamejaa tele. Naweza kuyajengea tanuri nikaepuka gharama ya matofali?

Jibu: Hapana, ndugu yangu, hata mahali pamoja panapopata moto. Jiwe hilo ni chokaa tupu, na ndilo lililochomwa tangu zamani kupata chokaa ya kujengea nyumba za pwani. Likipata joto la kati ya nyuzi 800 na 900, ambalo ndilo joto la kuivisha vyungu, huanza kugeuka chokaa mbichi, kisha siku za unyevu huvimba na kumeguka unga, ukuta ukashuka. Tumia matofali ya udongo ya kuchoma, uyaunganishe kwa udongo na mchanga wa mtoni. Saruji huvunjika kwa moto huo.

Swali: Vyungu vyangu hutoka vizima, lakini baada ya siku kadhaa hubanduka vipande vyenye chembe nyeupe katikati. Majirani wanasema ni kijicho.

Jibu: Waache majirani, tazama udongo wako. Chembe hizo ni vipande vya makombe au matumbawe, navyo hufanya ndani ya chungu yale yale niliyomweleza mwenzako wa Kaole. Loweka udongo hadi uwe uji, uuchuje kwa wavu wa dirishani, ndipo uuache ukauke hadi ufinyangike.

Swali: Vingine hupasuka kwa kishindo moto ukiwa bado mdogo. Kwa nini?

Jibu: Ni maji yaliyobaki ndani yanayogeuka mvuke. Wakati wa masika chungu huonekana kikavu kumbe bado. Kiweke shavuni, na ukihisi ubaridi, kirudishe kivulini. Washa makumbi machache mlangoni mwa tanuri kwa saa kadhaa kabla ya kuongeza kuni. Pita polepole pia kwenye nyuzi 570 hivi, wakati wa kupanda na wa kushuka, kwa kuwa hapo mchanga ulio ndani ya udongo hutanuka au kunywea ghafla. Ndiyo maana anayefungua tanuri likingali moto huokota vigae.

Swali: Kuni za mikoko zinafaa?

Jibu: Zinawaka vizuri sana, lakini mikoko haikatwi bila kibali. Makumbi, vifuu na matawi ya mivinje yanatosha.

Swali: Tanuri langu lina nyufa baada ya misimu michache. Nilibomoe?

Jibu: La. Tanuri lisilo na ufa bado halijawashwa. Ziba nyufa kwa udongo uliochanganywa na vigae vilivyotwangwa, na ubomoe sehemu iliyobonyea tu. Kinachoua tanuri haraka ni mvua, kwa hiyo liezekee mabati, juu na mbali na miali, kabla ya mwezi wa Machi.