Maziwa: ya ndama, ya mtoto au ya fundi wa kuchomea?

Wiki mbili hizi barua zote zinanuka maziwa. Chanzo ni video inayozunguka kwenye simu, bwana mmoja anasema binadamu ndiye mnyama pekee anayekunywa maziwa ya mnyama mwengine, na kwa hivyo maziwa ni sumu. Barzani kwetu watu nusura washikane mashati. Mimi nilisema neno moja tu: binadamu ndiye mnyama pekee pia anayekaanga vitumbua, na hilo hatujaliona kuwa hoja ya kuviacha. Halafu huyo bwana aje aache kopo la maziwa wazi mbele ya paka wa mtaani kwetu, aone nani wa pekee.

Haya, tuingie kwenye barua.

*Assalamu alaikum. Nilipokuwa mdogo nikinywa maziwa bila shida. Sasa nina miaka 24, nikinywa gilasi moja tumbo linanguruma, linajaa upepo, na baada ya saa moja niko chooni. Nilisoma Arusha na vijana wa Kimasai, wao wanakunywa kibuyu kizima na hawana habari. Nina ugonjwa gani? (Kijana, Mwanakwerekwe)*

Wa alaikum salaam. Huna ugonjwa. Uko kama watu wengi duniani, maana inakisiwa thuluthi mbili ya watu wazima tumbo lao ni kama lako.

Maziwa yana sukari yake yenyewe, laktosi. Ili mwili uitumie lazima ikatwe na kimeng'enya kiitwacho laktesi, kinachotengenezwa kwenye utumbo mwembamba. Mtoto mchanga anacho tele kwa sababu maziwa ndiyo riziki yake. Akishaachishwa ziwa, kwa watu wengi kinapungua mwaka hadi mwaka. Laktosi isiyokatwa inateremka hadi kwenye utumbo mpana, inavuta maji, na vijidudu vinavyoishi huko vinaichachusha. Huo ndio ngurumo unaousikia, na huo ndio upepo.

Wamasai ni hadithi nyengine, na ni hadithi nzuri. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake, akiwamo Thomas Nyambo wa Muhimbili, walichapisha utafiti uliofanywa Tanzania, Kenya na Sudani. Waligundua kuwa wafugaji wa huku wana badiliko dogo kwenye vinasaba linalokifanya kimeng'enya hiki kiendelee kufanya kazi hadi uzeeni. Wazungu wa kaskazini nao wanalo badiliko la namna hiyo, lakini si lile lile. Kila upande ulilipata wenyewe, kwa kuishi na ng'ombe maelfu ya miaka. Sisi wa pwani wengi wetu babu zetu waliishi na ngalawa na minazi.

Sasa ufanyeje? Usiyakimbie moja kwa moja. Gilasi ya mililita 250 ina kama gramu 12 za laktosi, na watu wengi wenye tumbo kama lako wanaweza kuuhimili kiasi hicho, hasa wakinywa pamoja na chakula na si tumboni patupu. Jaribu nusu gilasi na boflo, au yale ya kwenye chai. Mtindi utakufaa zaidi, kwani bakteria wanaougandisha wameshakula sehemu ya sukari hiyo, na wengine wanaendelea kuikata hata ndani ya tumbo lako. Jibini iliyokaa muda mrefu karibu haina laktosi kabisa, ila bei yake hapa kwetu unaijua. Ukiambiwa hamia maziwa ya mbuzi, jua kuwa nayo yana laktosi karibu sawa na ya ng'ombe.

Ila ukiona damu kwenye choo, au unakonda bila sababu, au usiku unaamshwa na tumbo, hayo si ya laktosi. Nenda hospitali. Na mtu anayevimba midomo au kutokwa na vipele mara tu anapoyaonja maziwa, huyo ana mzio, ayaache kabisa.

*Jirani yangu ana ng'ombe wawili. Baba mkwe wangu anataka maziwa yanywewe yakiwa na joto la kiwele, anasema kuyachemsha kunaua nguvu zake. Mimi naogopa lakini siwezi kumkatalia mzee. (Mama wa watoto watatu, Wete)*

Bi mkubwa, hapa sitafuti maneno laini: chemsha. Mzee umheshimu kwa mengine yote.

Ng'ombe anaweza kuonekana mzima, ananenepa, anakamwa vizuri, na ndani ana brusela, ule ugonjwa unaomfanya atupe mimba. Kwa mtu unaleta homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku, maumivu ya viungo na mgongo. Wengi huanza kutibiwa malaria, tena na tena, kabla hajatokea mtu wa kuuliza, "Kwenu mnafuga?" Pia kuna kifua kikuu cha ng'ombe kinachopita kwenye maziwa mabichi. Na mikono ya mkamaji, kiwele chenye samadi, na ile chupa ya maji ya plastiki iliyosuuzwa haraka haraka, vyote vinaongeza vyao.

Kiwandani maziwa hupashwa moto nyuzi 63 kwa dakika 30, au nyuzi 72 kwa sekunde 15. Njia hiyo imepewa jina la Mfaransa Louis Pasteur. Wewe jikoni huna kipimajoto, basi subiri yapande povu, yakoroge, yaache yachemke dakika moja mbili, kisha yafunike. Kinachopotea ni sehemu ya vitamini chache. Protini na madini ya kalisi, yaani vile vitu vinavyotufanya tuyatafute maziwa, vinabaki. Nguvu anayoisema mzee haijaenda popote.

Na msidanganywe na ukali wa mtindi. Mtindi uliogandishwa kwa maziwa mabichi si salama kwa sababu tu umechachuka, vijidudu vya brusela vinaweza kuuhimili uchachu. Chemsha kwanza, yapoe, ndipo ugandishe kwa kijiko cha mtindi wa jana. Jirani naye mwambie, ng'ombe akizaa au akitupa mimba, asishike kwa mikono mitupu.

Nyinyi wa Pemba mna bahati, mbung'o, wale nzi wanaowaambukiza ng'ombe maradhi, hamkuwa nao. Huku Unguja kufuga ng'ombe wa maziwa kulikuwa mtihani mpaka ndege zilipomwaga madume ya mbung'o yaliyohasiwa kwa mionzi, yaliyozalishwa Tanga, kuanzia 1994 hadi 1997. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa 1996. Maradhi yale yalikuwa yakionekana, ng'ombe anakonda mbele ya macho yako. Hili la brusela halionekani, ndiyo maana namsumbua baba mkwe.

*Mimi fundi wa kuchomea mageti. Kila jioni nakunywa pakiti ya maziwa kusafisha mapafu, na hata bosi anatupa pesa ya maziwa. Je, inatosha moja au mbili? (Fundi, Amani)*

Kaka, maziwa yanakwenda tumboni. Moshi unakwenda mapafuni. Njia zinaachana kooni na baada ya hapo hazikutani tena. Hata unywe ndoo, moshi uliouvuta saa nne asubuhi hautaguswa.

Najua utaniambia kuwa ukiyanywa unajisikia nafuu. Ni kweli, umeshinda na njaa na kiu juani, na maziwa ni chakula na maji pamoja. Lakini ubaya ninaouona hapa ni bosi. Pesa ya maziwa ni rahisi kuliko barakoa yenye chujio, feni ya kuvuta moshi na kazi kufanyiwa uwanjani badala ya ndani ya kibanda. Kwa kila pakiti mnayopewa, lile jengine halidaiwi. Na ukichomea bomba au bati lenye zinki, halafu usiku ukatetemeka kwa homa kama ya malaria na kesho ikaondoka, huo ni moshi. Mafundi wa rangi za gari, na nyinyi jibu lenu ni hili hili.

*Bibi yangu ametukataza kula samaki na kunywa maziwa siku moja, ati tutatoka mabaka meupe. (Mwanafunzi, Mkoani)*

Hapana. Mabaka meupe yana sababu zake, mengine ni fangasi wa ngozi, na hayo yanatibika. Nchi nyingi watu wanapika samaki ndani ya maziwa na ngozi zao nzima. Lakini bibi usimbishie sana, samaki aliyelala bila barafu anadhuru mtu kweli, na huenda maziwa yalibebeshwa lawama za samaki.

*Mwanangu ana miezi saba. Nimerudi kazini, dada wa kazi anampa maziwa ya ng'ombe yaliyozimuliwa maji, siku nyengine maziwa ya kopo yale matamu. Anapenda sana. (Mama, Kiembesamaki)*

Atayapenda vipi asiyapende, mwanangu, lile kopo tamu zaidi ya nusu yake ni sukari! Hilo likatae leo. Si chakula cha mtoto, liweke kwa wageni.

Ya ng'ombe ni suala jengine. Kidogo ndani ya uji, yakiwa yamechemshwa, hayana neno kwa miezi saba. Tatizo linakuja yanapokuwa ndiyo chakula chake kikubwa kabla hajatimiza mwaka. Yana chuma kidogo mno, yanaweza kuufanya utumbo mdogo ule uvuje damu kidogo kidogo usiyoiona, na chumvi na protini yake ni mzigo kwa figo changa. Ukizimua maji unapunguza shibe tu. Kabla ya kutoka kamua maziwa yako, yaweke kwenye chombo kisafi chenye mfuniko, dada ampe kwa kikombe. Ukirudi mnyonyeshe hadi usiku. Uji wake utiwe samaki aliyechambuliwa miiba, yai, maharage yaliyopondwa. Kama maziwa yako yamekatika kabisa, usiamue peke yako, zungumza na kliniki. Na akishapita mwaka, nusu lita kwa siku inatosha, ikizidi hapo hatokuwa na nafasi ya wali.

*Nina mimba ya miezi mitano na damu imeshuka. Vidonge vya damu vinanichafua moyo, kwa hivyo navinywa na chai ya maziwa. (Bi N., Chake Chake)*

Bi N., unavinywa na kuvifukuza kwa wakati mmoja. Vidonge hivyo ni vya madini ya chuma. Kalisi ya maziwa inazuia chuma hicho kisifyonzwe, na majani ya chai yanazuia zaidi. Vinywe kwa maji, au kwa juisi ya chungwa au ndimu, maana hiyo inasaidia chuma kuingia. Kama kichefuchefu hakivumiliki, vimeze usiku unapokwenda kulala, baada ya kula kidogo. Chai yako ya maziwa iache isubiri muda wa saa mbili. Sikwambii uiache, katika mimba unaihitaji kalisi, ila saa yake iwe nyengine.

Wengine mliopewa tetrasaiklini au siprofloksasini, dawa za kuua bakteria, hizo nazo hushikana na maziwa tumboni zikatoka zilivyoingia. Mtu anamaliza dozi, hajapona, analaumu dawa.

*Nina vidonda vya tumbo, maziwa ya baridi yananipoza. Yananitibu? (Mzee, Bububu)*

Yanakupoza kwa muda mfupi, mzee wangu, kisha tumbo linajibu kwa kutoa tindikali zaidi. Zamani hata madaktari walikuwa wakiwaandikia wagonjwa maziwa kila saa. Kisha mwaka 1982 Waaustralia Barry Marshall na Robin Warren wakaonesha kuwa kuna bakteria anayeishi ndani ya tumbo, na baadaye ikajulikana kuwa ndiye chanzo cha vidonda vingi. Marshall mwenyewe aliwanywa bakteria hao ili athibitishe, na mwaka 2005 wawili hao wakapewa tuzo ya Nobel. Nenda ukapimwe, akipatikana huyo mdudu dawa zipo na zinamaliza. Na niambie kweli, hizo diklofenaki, dawa za maumivu ya magoti, unazitafuna kila siku? Nazo zinatoboa tumbo.

*Presha ipo juu. Niache maziwa na samli? (Mama, Michenzani)*

Maziwa usiache. Utafiti mkubwa wa mwaka 1997 huko Marekani uliwapa watu matunda, mboga na maziwa yaliyopunguzwa mafuta, na presha zao zikashuka. Samli ni kitu chengine, karibu yote ni mafuta, na zaidi ya nusu yake ni ya aina inayopandisha lehemu, yaani kolesteroli, kwenye damu. Pilau ya sikukuu haina ubaya. Ya kila siku kwenye chapati ndiyo inayonitia wasiwasi, na kabla ya yote hayo, chumvi.

*Mimi sipendi maziwa tangu mdogo, harufu tu inanitoa. Mama anasema mifupa yangu itakuwa kama biskuti. Tunapika kwa tui la nazi kila siku, si nayo ni maziwa? (Msichana, Nungwi)*

Tui ni jeupe, basi. Kalisi yake ni ndogo mno na mafuta yake ni mengi, kwa hivyo kwenye hesabu ya mifupa usilitie.

Lakini mama naye amezidisha. Mtu mzima anahitaji kama miligramu 1000 za kalisi kwa siku, gilasi ya maziwa inatoa 300, zilizobaki hata mpenda maziwa anazitafuta kwengine. Sweden na Norway wanakunywa maziwa kuliko sisi mara nyingi, na ni miongoni mwa nchi ambazo wazee wanavunjika nyonga zaidi. Mifupa inataka pia kutembea, kubeba vitu, jua kwenye ngozi, na protini.

Nawe unaishi Nungwi! Dagaa wakavu wanaoliwa na mifupa yao, kiganja kimoja, wanaweza kukaribia gilasi nzima ya maziwa. Ongeza maharage, ufuta wa kwenye mkate, kisamvu. Mchicha ni mzuri kwa mengine, ila kalisi yake imefungwa, haitoki kirahisi. Na ukiwatengeneza dagaa, matumbo toa, uti wa mgongo uache.