Meza ya kulia na kumeza dawa: je, ni neno moja?

Hapana ndugu, ni maneno mawili yaliyokutana tu kwenye matamshi. Meza ya kulia chakula tuliipata kwa Wareno, kwao ni mesa, nao waliirithi kutoka Kilatini, mensa. Wahispania pia husema mesa, na wasemaji wa Kiingereza wakalichukua kwao kuita kilima chenye kilele bapa, kama vile vilivyoko Arizona, Marekani. Waromania wana masă, na kwao ni meza na ni mlo pia!

Kumeza ni kwetu kabisa, ni Kibantu. Waganda husema okumira, Wanyarwanda kumira, na kwa Kilingala komela ni kunywa. Angalia jinsi lilivyozaa: mezwa, mezeka, mezea, mpaka tunasema "anamezea mate gari la jirani". Meza ya Wareno haizai hivyo, inapata "mezani" basi.

Usichanganye na meze ya Waturuki, vile vitafunio vya kuanzia mlo. Hiyo imetoka Kiajemi, kwenye neno la ladha, ingawa nayo huandaliwa mezani.