Wasomaji wauliza: Arosto imeisha, mbona karudi kwenye unga?

*Mdogo wangu ni utingo wa malori njia ya Tunduma. Alianza kwa kuvuta unga, sasa anajidunga. Tulimfungia chumbani siku nane mpaka arosto ikaisha. Tulipomfungulia, siku ya nne akarudi maskani kwa wenzake wa unga. Tumfungie kwa muda mrefu zaidi?* – Dada, Mbalizi

Hapana, dada, msimfungie tena. Arosto, yaani mateso ya mwili unapokosa heroini (huo unga), huanza saa 8 hadi 12 baada ya kutumia, hukolea siku ya pili na ya tatu, kisha hupungua ndani ya wiki moja hivi. Kiu ya unga hubaki miezi mingi. Tena mwili uliokaa siku nane bila unga hauhimili tena kiasi kilekile: kete alizozizoea zinaweza kumkata pumzi. Ndiyo maana wengi hufa muda mfupi baada ya kutoka rumande au kufungiwa nyumbani.

Anachohitaji ni methadoni, dawa ya kunywa inayoshika nafasi ya heroini na kuzuia arosto. Ilianza kutolewa Muhimbili mwaka 2011, na kwenu huko ipo kliniki katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya. Pigeni 119, namba ya bure ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, mwelekezwe namna ya kuanza. Aende na ndugu. Atahojiwa, atapimwa mkojo, VVU, homa ya ini na kifua kikuu.

Wiki mbili za kwanza ndizo za kuchunga kuliko zote. Dozi ya kuanzia kwa kawaida haizidi miligramu 30, kisha hupandishwa polepole. Wengi hutulia kati ya 60 na 120. Atalalamika kwamba haimtoshi, na kweli bado haimtoshi. Lakini methadoni hukaa mwilini zaidi ya siku moja, kwa hiyo ya leo inaikuta ya jana. Akijiongezea unga, valiamu au pombe, usingizi unaweza kumchukua moja kwa moja. Mkimwona anasinzia mchana au anakoroma isivyo kawaida, mwambieni muuguzi kabla hajanywa dozi inayofuata.

Dawa hunywewa kila siku mbele ya muuguzi, hivyo safari za Tunduma kwa sasa aziache. Kaeni kama familia mpange nani atatoa nauli ya kila siku, kwa sababu mara nyingi kinachomwangusha mtu ni nauli, nia anayo. Akikosa siku tatu mfululizo, asishangae dozi ikipunguzwa. Ni kwa usalama wake. Akigundulika na kifua kikuu, kliniki zote mbili, ya methadoni na ya kifua kikuu, zijue: rifampisini, dawa ya kifua kikuu, hupunguza nguvu ya methadoni, arosto ikarudi kwa dozi ileile. Msimwite mwongo.

Mkimkuta hazinduki, midomo imebadilika rangi, mboni zimesinyaa na pumzi ni ya kusuasua, mpulizieni pumzi mdomoni huku mkitafuta usafiri wa hospitali, ambako kuna naloksoni, dawa inayoondoa nguvu ya heroini mwilini. Akipumua mwenyewe, mlazeni ubavu. Maziwa na maji ya chumvi, kwa kunywesha au kudunga, havitoi heroini kwenye damu. Vinapoteza dakika alizobakiza.

*Kijana wangu ana mwaka kwenye methadoni, ametulia. Tumnunulie bodaboda? Na dawa aache lini?* – Mama, Uyole

Hongera, mama, kwa mwaka huo. Bodaboda isubiri mpaka daktari aseme dozi imetulia na hasinzii. Hata hapo tungeanza na kazi nyingine: bodaboda inampa fedha taslimu kila saa, na abiria wanaweza kumpeleka hadi maskani ya zamani. Hapo Uyole kuna kupanga na kupakia viazi, kuna gereji, kuna useremala. Chagueni kazi inayoanza baada ya saa za kliniki na inayolipa kwa wiki. Mtaji uwe vifaa, msimpe fedha mkononi, ila hesabu azishike yeye. Kijana asiyeaminiwa hata na shilingi elfu tano atajionaje mtu mzima?

Dawa asiache ghafla kwa kuwa amenenepa na anacheka. Ikipunguzwa, hupunguzwa na daktari kidogokidogo kwa miezi, naye akiwa ameridhia. Akiteleza mara moja asifukuzwe nyumbani. Aende kliniki siku hiyohiyo, aseme ametumia nini na kiasi gani, kabla hajanyweshwa dozi.